Msimu wa Kumi na Mbili

Stima zimepotea Changamwe tangu magharibi
na karakana ya Twalib imejaa mafriji yaliyoachama vinywa.
Tumekalia makreti ya soda, tunamumunya mabuyu.
Aliyeanza ni Shebwana,
maana yeye haoni giza asilitie maneno:
"Bi Kaa alikufa msimu wa tisa.
Yaliyofuata yote ni maiti kutembezwa."

Hapo ndipo tulipochafukwa.

Kadzo aliweka chini kifuko chake cha mabuyu
kama mtu anayevua pete kabla ya kupigana.
Msimu wa tisa! Msimu wa tisa tulikuwa tunajifunza kufunga kamba za viatu.
Sisi ni watoto wa mwishomwisho,
wa wakati pesa zilipowaishia wenye kipindi,
Mzee Chewa akabaki na jicho moja na kifungo cha shati,
kisima kikawa ndoo iliyopakwa rangi,
na Pweza, aliyeondoka na mikono minane,
akarudi na mitano, asiulizwe, asieleze.
Tulimpenda hivyo hivyo.
Kwani mtaani kwetu nani alikuwa kamili?

"Na ile leso!" anasema Zulekha.
Msimu wa kumi na mbili Bi Kaa aliingia kajifunga kipande
kilichosalia mezani kwa fundi, Barabara ya Biashara,
jina lake limekatwa na mkasi katikati:
MKONO ULIONILEA
basi. Nusu ya pili ilikwenda na nguo ya mtu mwingine.
Mwaka mzima tulijimalizia wenyewe.
Mkono ulionilea sitauuma, alisema nyanyake Kadzo.
Mkono ulionilea ndio ulionichapa, alisema Shebwana, akachapwa.
Mimi niliandika nyuma ya daftari la hesabu
mkono ulionilea hauonekani,
mwalimu akatia alama ya kuuliza, wino mwekundu.

Twalib hajasema kitu.
Twalib hakuwahi kumwona Bi Kaa.
Kila Jumamosi, saa kumi na nusu,
alikuwa juu ya bati, amekumbatia mlingoti wa antena,
anaugeuza kidogo upande wa Mazeras, kidogo upande wa Mtongwe.
"Sasa?"
"Bado!"
"Sasa?"
"Hapo hapo! Usipumue!"
Naye asipumue, nusu saa, bati likimchoma nyayo,
kipindi kikimfikia kwa tundu la msumari.

Yeye ndiye aliyejua. Sisi tulikuwa tunatazama makucha.
Jumamosi ya kwanza ya msimu wa kumi
alishuka kabla ya wimbo wa mwisho, picha ikamwagika chenga,
tukamzomea, akasimama mlangoni, viganja vimejaa kutu:
"Huyo si yeye. Wamebadilisha mtu."
Una wazimu, tulimwambia. Kaa yule yule, makucha yale yale.
"Yule wa kwanza alikuwa akivuta pumzi kabla ya kucheka."

Wiki tatu baadaye gazeti likaandika, chini ya bei za vitunguu,
jina la mama mmoja
ambalo hakuna aliyewahi kulisikia.

Namuuliza leo, miaka yote hii:
kwa nini uliendelea kupanda,
misimu mingine mitano, kwa mtu ambaye si yeye?
Anafuta bisibisi kwa pindo la shati.
"Yule wa pili alikuwa akiogopa. Ilisikika.
Msimu wa kumi alimwiga mwenzake.
Wa kumi na moja hakucheka kabisa, nyinyi hamkuona.
Wa kumi na mbili akacheka kicheko chake mwenyewe.
Nilitaka kuwapo."

Shebwana anakohoa. Kwake hiyo ni kuomba radhi.

"Lakini niambieni," anasema Twalib, "alikuwa rangi gani?"
Mwekundu! tunasema sote. Kisha kimya,
maana televisheni yetu ilikuwa nyeusi na nyeupe.
Ni Zulekha tu, ambaye babake alikuwa na ya rangi kule Kizingo,
anayecheka peke yake gizani, hataki kusema.

Ghafla mafriji yanaguruma yote kwa pamoja.
Taa inatupiga usoni, tunafinya macho,
vidole vyetu vyekundu kwa mabuyu.
"Sasa?" Twalib anamuuliza.
"Bado."